Mdomo ukiwa mzito: namna ya kumwambia jirani habari za Yesu

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, Kigoma. Barazani pangu kuna benchi moja, na juu ya benchi hilo hukaa watu wa kila namna: mama wa dagaa kutoka Kibirizi anayesubiri kupunguziwa gauni, mwanafunzi aliyechanika sare, bibi aliyeleta kitenge cha harusi ya mjukuu. Wengi wao ni Waislamu, maana Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu enzi za misafara ya biashara. Nimeokoka miaka 17 iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye benchi lile akasikia kutoka kwangu kwamba Yesu amenitendea jambo. Jumapili niliimba kwaya kwa sauti ya juu. Jumatatu nilipima viuno na mabega, nikanyamaza.

Ninamwandikia mtu wa namna ile. Unaamini kweli, unampenda Bwana, lakini ikifika saa ya kusema moyo unakwenda mbio na ulimi unakauka. Hizi ndizo hatua nilizopitia mimi, na ninazowapitisha dada na kaka wa kanisani kwetu wanaoniomba msaada.

Kabla ya hatua yoyote, acha kungoja woga uishe. Nilingoja sana, nikidhani kuna siku nitaamka jasiri. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba alipokuwa kwao alikuwa "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi" (1 Wakorintho 2:3). Huyo ni Paulo. Na ukisoma Matendo sura ya 4 utaona jambo ambalo wengi tunalipita haraka: Petro na Yohana walisimama mbele ya baraza la wakuu wa Wayahudi wakasema bila kutetereka, wakatishwa, wakaachiwa. Walipofika kwa wenzao, waliomba nini? Waliomba wajaliwe kunena kwa ujasiri. Watu waliotoka kuwa jasiri muda mfupi tu uliopita waliomba ujasiri tena. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukuzaliwa nao. Huombwa, ukatumika, ukaombwa upya.

Hatua ya kwanza: upe woga wako jina

Chukua karatasi. Juu yake andika jina la mtu mmoja unayemjua vizuri, anayeishi karibu nawe, asiyemwamini Kristo. Chini yake andika: "Nikimwambia habari za Yesu, naogopa kwamba..." Halafu malizia sentensi hiyo. Usiandike "naogopa tu." Kaa mpaka umalizie.

Nimeona majibu mengi ya karatasi hii. Naogopa ataniuliza nisilolijua. Naogopa ataniita mlokole mbele za watu. Naogopa mume wangu atakasirika. Naogopa nitampoteza mteja. Kila jibu lina dawa yake, na ndiyo sababu ni lazima ulijue lako. Anayeogopa maswali anahitaji maandalizi. Anayeogopa kuitwa mlokole anahitaji kujua kwamba ataitwa, na kwamba jina hilo huzoeleka kwa wiki mbili. Mama anayeogopa hasira ya mume asikimbilie kuhubiri mtaani. Aanze na mchungaji wake, wapange pamoja, kwa sababu hilo ni jambo la nyumba na linahitaji busara ya watu wazima.

Lakini jibu ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na ndilo watu huliandika mwisho baada ya kuyafuta mengine, ni hili: "Ananijua."

Karatasi yangu ilikuwa na jina la jirani yangu, mama mmoja anayeuza mawese na sabuni nyumba ya tatu kutoka kwangu. Niliandika: naogopa kwamba atakumbuka gauni la Idi. Alikuwa ameniletea kitambaa cha gauni la binti yake, wiki tatu kabla ya Idi el-Fitri, akalipa nusu. Nilipokea kazi nyingi kuliko mikono yangu. Usiku wa kuamkia sikukuu gauni lilikuwa bado vipande juu ya meza. Mtoto alikwenda kusherehekea na nguo ya mwaka uliopita. Nilimpelekea gauni siku ya nne, nikadai nusu iliyobaki, naye akanipa bila neno. Tangu siku hiyo tulisalimiana, lakini salamu zilikuwa za mdomo tu. Nami nikawa nauita ukimya wangu woga wa Injili, wakati Injili haikuhusika. Ilikuwa aibu ya gauni.

Hatua ya pili: lipa unachodaiwa

Ukiona karatasi yako inasema "ananijua", usiruke hatua hii kwenda kwenye mistari ya Biblia. Tafuta ni kitu gani hasa anachokijua, kisha ukitengeneze. Kama ni fedha ya kikundi uliyokopa na hujarudisha, anza kurudisha, hata kwa vipande. Kama ni maneno uliyosema kisimani, rudi kwa uliyemsema. Kama ni mpaka wa kiwanja uliousogeza, urudishe ulipokuwa, na mashahidi wawepo.

Mimi nilibeba ile nusu ya pili ya fedha, nikaenda kupiga hodi jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikamwambia: "Mama, nimekuja kwa ajili ya gauni la Idi. Nilikuahidi, nikakuvunjia ahadi, kisha nikachukua fedha yako yote kama vile nimefanya kazi yote. Nimekosa. Fedha hii ni yako."

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Mtoto alilia sana siku ile, sitakudanganya." Sikujitetea kwa kutaja umeme uliokatika, ingawa ulikatika kweli. Kisha akauliza: "Nani amekutuma?" Na hapo, bila mpango wowote, nikajibu kwamba hakuna mtu aliyenituma, ila nilikuwa naomba na kila nikiomba lile gauni linakuja mbele yangu, kwamba Yesu ninayemwamini hakuniacha nipumzike nalo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimtaja Yesu mbele ya jirani. Sentensi mbili. Miguu ilitetemeka.

Angalia, sikwenda kuomba radhi ili nipate nafasi ya kuhubiri. Ukifanya hivyo mtu atanusa, na toba yako itageuka chambo. Nenda kulipa kwa sababu unadaiwa. Akikuuliza, jibu kweli. Asipouliza, rudi nyumbani, umelipa.

Hatua ya tatu: majina matatu, kila asubuhi

Andika watu watatu tu. Si kumi, maana ukiandika kumi utaombea orodha badala ya watu. Waombee kwa majina, pamoja na mambo yao yenyewe: mtoto anayefanya mtihani, mguu unaouma, mtumbwi uliopoteza nyavu. Fanya hivyo siku 30 kabla hujapanga kusema lolote. Utaona wewe ndiye unayeanza kubadilika. Mtu uliyemwombea mguu wake mwezi mzima, ukikutana naye njiani utauliza "mguu unaendeleaje?" na utataka kujua jibu.

Na mwombe mtu mmoja akuombee wewe. Paulo aliwaomba Waefeso wamwombee ili afumbue kinywa chake kwa ujasiri (Waefeso 6:19). Kama yeye hakuona haya kuomba hivyo, mwambie mwenzako wa jumuiya au wa kwaya: niombee, naogopa.

Hatua ya nne: andaa maneno yako mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nitakaa hapa kidogo.

Yesu alipomponya yule mtu mwenye pepo katika nchi ya Wagerasi, mtu huyo aliomba afuatane naye. Yesu alimkatalia, akamwambia aende nyumbani kwa watu wa kwao akawaambie aliyotendewa na Bwana na jinsi alivyomrehemu (Marko 5:19). Hakumpa somo la kwenda kufundisha. Alimwambia aseme kilichomtokea. Na yule kipofu wa Yohana 9, walipombana kwa maswali ya kitaalamu, alishikilia jambo moja alilolijua: alikuwa kipofu, sasa anaona.

Kwa hiyo andaa simulizi ya dakika tatu. Iandike kwanza, kisha isome kwa sauti ukiwa peke yako, kisha kwa rafiki Mkristo. Iwe na mambo matatu: nilikuwaje, Yesu alinikutaje, sasa nikoje. Yangu ni hii:

"Baba alipofariki, ndugu zake walichukua shamba letu la michikichi. Mimi nilikuwa msichana, sikuwa na la kufanya. Nilikua na uchungu mpaka nikawa silali, nawaza tu namna ya kuwaumiza. Siku moja nilisikia ikisomwa jinsi Yesu alivyowaombea waliokuwa wakimsulubisha. Nilikasirika, nikasema yeye aliwezaje? Nikaanza kumwomba anifundishe. Haikuisha siku hiyo. Ilichukua muda, na mara nyingine uchungu hurudi. Lakini mwaka juzi baba mdogo aliugua, nikampelekea uji wiki nzima. Shamba hawajarudisha."

Unaona ile sentensi ya mwisho? Niliambiwa na mtu niiondoe kwa sababu inapunguza nguvu ya ushuhuda. Nimeiacha. Jirani yangu anajua kwamba shamba halijarudi. Nikisimulia kana kwamba kila kitu kimenyooka, hataniamini na yale mengine.

Sasa pita katika simulizi yako ukatafute maneno ya kanisani. Sisi tumezoea kusema "nilioshwa kwa damu", "nilipokea upako", "nilivunjiwa minyororo". Mvuvi wa Kibirizi ambaye hajawahi kuingia kanisani ukimwambia umeoshwa kwa damu atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Badala ya "neema", sema "alinisamehe wakati sikustahili". Badala ya "nikaokoka", sema "nikamwamini Yesu, nikampa maisha yangu ayaongoze". Si kwamba maneno yetu ni mabaya. Yana kina, lakini mtu hufika kwenye kina akitokea ufukweni.

Kama hujui neno lako la kawaida la jambo fulani, labda hujalielewa bado. Hilo lenyewe ni jambo jema kuligundua, kamwulize mwalimu wako.

Hatua ya tano: fungua mlango kwa ruhusa

Usimvamie mtu. Omba ruhusa, naye akikupa, sema. Akikunyima, endelea na mazungumzo mengine bila kinyongo. Sentensi ninazotumia ni za kawaida kabisa:

"Dada, hilo la mtoto kuumwa limenigusa. Sisi huwa tunaomba kwa jina la Yesu, utaniruhusu nikuombee?" Sijakutana na wengi waliokataa hili, hata Waislamu. Wakikubali, omba kwa ufupi, kwa sauti ya kawaida, usigeuze maombi kuwa mahubiri ya kumlenga yeye aliyefumba macho mbele yako.

"Kaka, nimewahi kupita kwenye jambo kama hilo. Ungependa nikuambie nini kilinisaidia?"

Chagua pia saa. Kwa wavuvi wa dagaa, usiende alasiri wakati wanajiandaa kuingia ziwani, wala alfajiri wakati mzigo unashushwa na bei inapiganiwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi hupumzika, na wanaume hukaa kivulini wakishona nyavu. Siku hizo mtu ana masikio. Mama wa sokoni Mwanga ana nafasi saa nane mchana, si saa moja asubuhi. Kwenye treni ya Tabora una usiku mzima, lakini aliye kando yako hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo hiyo ruhusa inahitajika zaidi. Sipendi mahubiri ya kupaza sauti ndani ya behewa lililojaa watu waliochoka na watoto waliolala. Mgawie mwenzako muhogo wako, ongeeni, na akitaka kulala mwache alale.

Kuna mahali pa kunyamaza kabisa. Msibani, saidia kupika na kuteka maji. Familia ya marehemu wa dini nyingine haikukuita uhubiri. Mtoto wa jirani usimfundishe dini kwa siri nyuma ya wazazi wake. Mfanyakazi wako, au mtu unayemdai, hawezi kukukatalia kwa uhuru, basi mwachie Mkristo mwingine. Na usimpe mtu unga au ada ya shule ukingoja aje kanisani. Mpe unga kwa sababu ana njaa.

Kuhusu majirani Waislamu

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini na inasema kazi ya kutangaza dini ni huru na ya hiari ya mtu. Uhuru huo ni wako na ni wa jirani pia. Mikutano ya hadhara yenye vipaza sauti ina taratibu zake za serikali na polisi, hiyo waachie viongozi wa kanisa. Hapa ninaongelea mazungumzo ya barazani.

Jirani yako Mwislamu anamheshimu Isa bin Maryamu kama nabii, kwa hiyo usianze kana kwamba hajawahi kumsikia. Kamwe usimseme vibaya Mtume wake wala kitabu chake, hata mkiwa wawili tu, hata akianza yeye kusema vibaya cha kwako. Swali litakalokuja karibu kila mara ni hili: Mungu anawezaje kuwa na mwana? Jibu kwa utulivu kwamba sisi hatusemi Mungu alioa akazaa; hilo hata sisi tunalikataa. Tunaamini kwamba katika Yesu, Mungu mwenyewe alitujia karibu, na neno "Mwana" linaeleza ukaribu huo kati yake na Baba. Kisha mwulize, "Ninyi mnamwelezaje Isa?" na umsikilize mpaka mwisho. Mtakapofika msalabani mtatofautiana kweli, usifiche tofauti hiyo. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, akaongeza "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Wengi tunalihubiri neno la kwanza tukaacha la pili.

Na usilolijua, sema: "Swali hili silijui, nitauliza, nitakuletea jibu." Kisha ulete kweli. Nimerudisha majibu nikiwa nimechelewa wiki mbili na mtu akafurahi kwamba nilikumbuka.

Hatua ya sita: nendeni wawili

Bwana aliwatuma wawili wawili (Luka 10:1). Mmoja anaongea, mwingine anaomba kimya na kubembeleza mtoto anayelia. Mkitoka, msijadili mtu yule njiani kama habari ya mtaa.

Akikataa

Atakataa. Wengi watakataa, na wengine watakucheka. Kesho yake msalimie kwanza wewe, kwa furaha ile ile, "Mwakeye!" kwa Kiha, kama ulivyozoea. Mnunulie dagaa wake kama kawaida. Urafiki ukipoa baada ya yeye kukataa, ataamini kwamba ulikuwa biashara.

Hapa Ujiji tuna mnara mahali ambapo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871. Wageni huja kupiga picha. Wachache huelezwa kwamba katika maisha yake yote Livingstone anajulikana kwa kumbatiza mtu mmoja tu mashuhuri, Sechele, mkuu wa Wabakwena, kule kusini katika Botswana ya leo, mwaka 1848. Na huyo alipomrudia mke mmoja aliyekuwa amemwacha ili abatizwe, Livingstone alimzuia Meza ya Bwana, akaondoka akiona kazi ile imeshindwa. Lakini Sechele aliendelea kuwasomea watu wake Biblia na kuwahubiria mpaka uzee wake, akafa mwaka 1892. Livingstone alikuwa amefariki miaka 19 kabla, hakuona mwisho wa jambo hilo. Mimi huwa nawaza hilo nikipita pale mnarani na kitambaa begani. Mama wa mawese hajamwamini Yesu mpaka leo. Tumekuwa ndugu. Kila Idi ananiletea pilau, na gauni la binti yake huwa tayari siku kumi kabla.

Akikubali

Usikimbie kutangaza. Mwulize nani nyumbani kwake anapaswa kujua kwanza, na angependa awaambie lini na kwa namna gani. Akiwa ni kijana anayeishi kwa wazazi, au mke wa mtu, mchungaji ahusishwe mapema na kila kitu kiende polepole. Someni Injili ya Marko pamoja, sura moja kwa wiki, benchini au popote.

Jumapili ya kwanza, usimwambie "tutakutana kanisani." Mpitie nyumbani kwake. Tembeeni pamoja. Mweleze njiani ibada huchukua muda gani, lini watu husimama, na kwamba sadaka si lazima kwake. Ongea mapema na mzee wa zamu kwamba mgeni wako asisimamishwe kujitambulisha asipotaka. Mkae safu ya katikati, karibu na mlango wa pembeni, ili akihitaji kutoka atoke bila macho ya watu. Mfungulie ukurasa wa tenzi, mshikie upande mmoja wa kitabu, naye ashike mwingine.